Alama ya Kutoa

Twisheni yetu ya Mabawa huanza saa mbili usiku.
Umeme ukikatika tunaendelea na tochi ya simu ya Mwanaidi.
Singano huingia wa mwisho, kucha nyekundu,
vumbi la tofali za Korogwe limemkaa shingoni kama poda.
Mchana ni kibarua, barabara ya kumi na saba;
usiku ni mtahiniwa wa kujitegemea,
mara ya tatu sasa.

Nikaandika: *Kitu kinarushwa wima kwenda juu.*
Chora mshale. Amua kwanza wapi ni chanya,
ukishaamua usigeuke katikati ya safari.
Mvuto wa dunia haujui kupanda,
basi kama juu ni chanya,
mchapuko unabeba alama ya kutoa.
"Kutoa ni moyo," akasema Singano.
Darasa likacheka, nami nikacheka,
dakika tano zikaenda.

Nikauliza: kileleni, kasi ni ngapi?
Sifuri, wote kwa pamoja, kama wanaitikia dua.
Na mchapuko?
Sifuri, wakaitikia tena,
ila yeye.

Yeye alikuwa anautazama mguu wake.
"Mwalimu, mimi humrushia Hiza tofali.
Yeye yuko jukwaani, mimi chini.
Nikirusha vizuri linamfikia limeishiwa,
linatua kiganjani kama kifaranga.
Siku ile Hiza aligeuka kumjibu mama wa uji.
Tofali likafika, halikumkuta mtu.
Kama dunia ingekuwa imeliachia
lingekaa palepale, limngoje amalize maneno.
Halikungoja."
Akavua kandambili. Kidole gumba hakina ukucha.
"Wala halikurudi polepole.
Ukali ule ule niliolirusha nao
ndio ulionirudia."

Miaka kumi na tisa nalifundisha hili:
kasi ya kuondoka na kasi ya kurejea,
ukubwa mmoja, alama mbili.
Nimelikokotoa kwa chaki, kwa kalamu,
kwa kidole juu ya meza nikisubiri chai.
Halijawahi kunipata mguuni.

Kesho yake alikuja na kipande cha mfuko wa saruji,
kipimo kimeandikwa kwa mkaa:
kutoka kiganja chake hadi cha Hiza
mita tatu na sentimita ishirini.
Mvuto tuuite kumi, tusiichoshe kalamu.
Kasi ya mwisho sifuri.
Mbili, mara kumi, mara tatu nukta mbili:
sitini na nne. Kipeuo chake nane.
Mita nane kila sekunde.
Mkono wake ulizijua tangu Januari
bila kuzitaja.

Na muda wa kupanda?
Nane gawa kwa kumi.
Haifiki sekunde, mwalimu?
Haifiki.
Akarudia mara mbili, kupanda na kushuka,
akapata moja nukta sita,
akakaa kimya akiitazama.
"Ndiyo," akasema. "Ni kama kusema
*mama, leo weka sukari.*"

Mwanaidi akataka kujua
kwa nini maswali yote husema tupuuze hewa.
Nikasema hewa tutaishughulikia chuoni, Mungu akipenda.

Jumamosi nikaenda kuona kwa macho.
Wakanipa tofali.
Kasi inayotakiwa niliijua
kuliko mtu yeyote mtaani pale,
na mama wa uji akaacha kukoroga, anitazame.

Nikarusha.

Likafika usawa wa dirisha, likasimama kidogo,
hapana, halikusimama kidogo,
neno hilo nimewakataza watoto wa watu kwa wino mwekundu.
Liligeuka.
Hiza juu, mkono mtupu umenyooka,
na nyuma yangu sauti ya Singano:

"Alama ya kutoa, mwalimu!
Toa mguu!"